Picha Nyeusi za Fundi Saa

Inspekta hakuipenda ile picha tangu alipoiona, na sababu yake ilikuwa moja tu: ilikuwa nzuri mno.

Ilitolewa kwenye kompyuta ya mzee mmoja mgonjwa, ikimwonyesha mlezi wake akiwa amesimama kando ya kiti chake. Uso wake wote ulionekana. Mkono wa kushoto ulishika kikombe, wa kulia ulishika kichupa cha kahawia, na kichupa kilikuwa kimeinama. Mtu hakuhitaji kusomea upelelezi ili aielewe. Mkuu wa Kituo aliitupia jicho moja akasema, "Kesho asubuhi apandishwe mahakamani. Jalada nilione jioni." Daktari naye alikuwa ameshasema lake: mzee alinyweshwa dawa ya usingizi inayotosha kumlaza ng'ombe, na kuamka kwake ni majaliwa ya Mungu. Kilichobaki kilikuwa kuandika na kupiga mhuri.

Lakini pale kituoni hawakumpachika huyu Inspekta jina la Mama Kwanini kwa ajili ya uzuri wa sauti yake. Alimchukua Koplo wake, wakarudi nyumbani kwa mgonjwa.

Mgonjwa mwenyewe mtaa mzima ulimjua kwa jina la Fundi Saa. Alitengeneza saa za watu mpaka macho yakamgomea, na meza yake ya kazi bado ilikuwa sebuleni, bisibisi zake ndogondogo zimepangwa kwa ukubwa. Juu ya meza hiyo hiyo iliketi kompyuta ya kizamani, ile yenye kisogo kirefu kama televisheni za zamani. Chumba cha mbele, kinachotazama barabara, alikitumia mpwa wake, fundi wa kompyuta ambaye watu walimwita Waya.

"Shikamoo mama. Afande, karibu na wewe," alisema Waya, akiwapitisha katikati ya marundo ya kompyuta zilizokwisha kufa. "Msijali vurugu. Fundi hatupi kitu. Ukitupa leo, kesho mtu anakuja kukiulizia."

"Marahaba. Saa yako nzuri," alisema Inspekta.

Waya alitazama mkono wake. Ilikuwa saa kubwa ya mkanda mwekundu, wekundu wa kuonekana toka ng'ambo ya barabara.

"Ya mjomba hii. Alinivisha mwenyewe siku aliyofunga kazi."

Alilisema hilo kwa sauti ya chini, na macho yakamlowa kidogo. Inspekta akaona macho yale na hakuyatilia maanani. Miaka yake ya kazi ilikuwa imemkutanisha na machozi ya kila aina, na mengi yalikuwa ya bure.

Koplo aliwasha kompyuta. Neno la siri walilipata kwa mlezi tangu siku aliyokamatwa. Ndani ya folda ya picha mlikuwa na faili nyingi zenye jina moja, Mwenzangu, kila moja na namba yake. Koplo alifungua ya kwanza: nyeusi. Ya pili: nyeusi. Akaendelea mpaka ya mwisho, na hiyo ndiyo ikawa picha ya mlezi na kichupa chake.

"Hebu nieleze tena," Inspekta alimwambia Waya. "Polepole, maana mimi kwa mambo haya ni mbumbumbu."

Waya alieleza vizuri, kama mwalimu. Yeye ndiye aliyefunga kamera ndogo pale juu ya kabati ili amwangalie mjomba wake wakati yeye yuko na wateja. Kamera inarekodi humo humo kwenye kompyuta ya mzee. Mjomba alianza kumshuku yule dada anayemlea, akawa anakaa hapo mezani anatazama video, anaisimamisha, anatoa picha moja moja ili apate ushahidi.

"Alikuambia anamshuku?"

"Hakuniambia kwa kunikalisha. Ila nilimsikia kwa masikio yangu, zaidi ya mara moja. Alikuwa anapiga meza anasema, 'Nitamkamata tu! Nitamkamata tu!'"

"Na hizi nyeusi?"

"Dada kagundua, mama. Neno la siri analijua. Akaingia, akazipaka nyeusi zote. Hii ya mwisho ndiyo imemponyoka. Za mwizi ni arobaini."

"Mwenzangu ni nani?"

"Ndiye yeye. Mjomba ana kejeli zake. Unajua mtu akikuudhi, unamwambia 'aa, mwenzangu.'"

"Na video zenyewe ziko wapi?"

"Hazipo. Kompyuta ikijaa, kamera inafuta za zamani yenyewe."

"Wewe hukuwahi kuzitazama?"

"Kompyuta ya mjomba mimi siigusi. Nilifunga kamera siku ile, basi. Hizi za wateja zinanitosha."

Koplo alikuwa ameinua nakala ya picha iliyochapwa, akaisogeza dirishani. "Printa yenu nayo mbovu," alisema. "Imemwaga wino mwekundu hapa pembeni."

Waya alicheka. "Printa zote ni adui wa binadamu, afande."

Kila jibu lilikaa mahali pake, na hilo ndilo lililomkera Inspekta. Watu wasio na hatia, kwa uzoefu wake, husahau, hujikanyaga, hugombana na maneno yao wenyewe. Huyu kijana alikuwa amenyooka kama rula.

---

Mlezi aliletwa chumba cha mahojiano akiwa ameshika viatu vyake mkononi. Alikuwa mama wa makamo aliyewahi kuwa mhudumu wa wodi, na alikaa kitini kama watu wa wodini wanavyokaa, mgongo wima, tayari kuitwa.

"Ameamka?" aliuliza kabla hajaulizwa.

"Bado."

"Mnamgeuza? Mtu wa kulala vile asipogeuzwa anapata vidonda."

"Wauguzi wapo. Nieleze habari ya kichupa."

Mlezi alishusha pumzi. "Nimeshaeleza mpaka ulimi umeota sugu. Kichupa nilipewa na Waya. Alikuja sebuleni, akanikabidhi, akasema daktari kabadilisha dawa ya usiku, nimpe yote. Nikammiminia kikombeni. Sasa Waya anasema hakunipa kitu. Basi mmoja wetu ni mwongo, afande, na aliye ndani ni mimi."

"Ulifanya kazi wodini. Hukusoma lebo?"

"Haikuwa na lebo. Hapo nilikosa, na sitajitetea. Lakini aliyenipa ni mtoto wa nyumba ile. Ningemhoji mtoto wa nyumba?"

Inspekta aliweka kalamu chini. "Mzee alikuwa anakuitaje?"

"Mama. Alisema nina amri kama za mama yake mzazi."

"Hakuwahi kukuita mwenzangu?"

Mlezi aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Mwenzangu? Mwenzangu si mimi, afande. Mwenzangu ni mkewe. Tangu amzike hakulitamka jina lake hata siku moja. 'Mwenzangu angekuwepo, chai isingekuwa na majani hivi.' 'Mwenzangu angekuwepo, lile pazia lingekuwa limefuliwa.' Ndivyo alivyonisimanga kutwa, na wala sikukasirika."

"Na maneno haya, nitamkamata tu. Yalikuwa ya nani?"

"Ya mkewe huyo huyo!" Mlezi akacheka, kisha akaona aibu ya kucheka mahali pale. "Yule bibi alikuwa hapendi kamera. Akiiona tu, kiganja usoni. Nyumba nzima haina picha yake hata moja ya kuweka ukutani. Ipo video moja, ya siku walipohamia ile nyumba. Humo anaficha uso mwanzo mwisho, isipokuwa mahali pamoja anasahau, anashusha mkono, anacheka. Hapo ndipo mzee alipopataka. Aitundike ukutani, basi."

"Akafanyaje?"

"Alikuwa anaisimamisha video pale pale, anabonyeza kitufe cha kunasa kilichopo kwenye kioo cha kompyuta, anafungua ile programu ya kuchorea, anabandika. Ananiita: 'Mama, njoo uone, nimempata!' Nakwenda, namwona bibi yuko pale, anacheka. Mzee anahifadhi, anazima mashine, anakwenda kulala na furaha yake. Kesho yake anafungua, giza tupu. 'Amenikimbia tena,' anasema. 'Lakini nitamkamata tu.'"

Koplo, aliyekuwa anaandika, akaacha kuandika.

"Wewe ulimwona kwenye hiyo picha? Kwa macho yako?"

"Kwa haya haya mawili. Na hilo ndilo lililonitia hofu. Nilianza kudhani kuna mtu anaingia anazifuta."

"Nani?"

"Sikumwona mtu, kwa hiyo simtaji mtu. Mzee alimwuliza Waya. Waya akaitazama mashine, akamwambia, 'Imezeeka hii mjomba, ya kutupa.' Basi. Na siku hizo walikuwa hawaongei vizuri. Binti wa mzee anarudi na watoto wake, na mzee alikuwa amemwambia Waya akihame chumba cha mbele ili wajukuu wapate pa kulala."

Walipotoka nje, Koplo alishindwa kujizuia. "Afande, huyu mama anatufanya watoto. Picha mtu uione leo, imehifadhiwa, halafu kesho iwe nyeusi bila mkono wa mtu? Hizo ni hadithi za majini. Na neno la siri analo yeye."

"Huenda," alisema Inspekta. "Twende tukawatafute hao majini."

Hakusema kwa mzaha. Kwa kweli alikuwa na wasiwasi. Maelezo ya mlezi yalikuwa na kila dalili ya uongo uliokosa wa kuusimamia, na kama angeyapeleka hivyo kwa Mkuu wa Kituo, mama yule angelala mahabusu si usiku mmoja bali miezi, akisubiri mzee aamke au asiamke.

---

Saa za mchana zilikuwa zimeanza kupungua waliporudi sebuleni kwa Fundi Saa. Chumba cha mbele walimsikia Waya akibishana na mteja juu ya bei. Inspekta alirudishia mlango.

"Fungua moja nyeusi. Yoyote. Sasa usiseme nyeusi. Niambie unachokiona."

"Nyeusi, afande."

"Koplo."

Koplo alisogeza uso. "Naona... katikati nyeusi. Pembeni kuna ukingo. Ni ile programu ya kuchezea video, vitufe vyake hivi hapa. Kumbe amenasa kioo kizima."

"Juu ya ukingo pameandikwa nini?"

"Kuhamia." Koplo akasoma tena. "Ndilo jina la video."

"Fungua nyingine."

Kuhamia. Nyingine: Kuhamia. Zote, isipokuwa ile ya mlezi, ambayo haikuwa na ukingo wala kitufe wala jina, picha tupu iliyokatwa safi. Tena chini ya kila ukingo kile kidude kinachotembea video ikicheza kilikuwa kimesimama mahali pamoja, kupita kidogo katikati.

"Waya alituambia mjomba wake alikuwa anatoa picha kwenye video za kamera," alisema Inspekta. "Umeiona hata moja ya kamera hapa, ukiacha hiyo safi?"

"Hapana."

"Itafute hiyo Kuhamia. Uisimamishe pale pale aliposimamisha yeye."

Video ilikuwepo. Watu wanabeba magodoro, mtoto analia, mtu anapiga kelele kabati litakwaruza ukuta. Na katikati ya vurugu hizo mwanamke mnene mwenye kiganja usoni, anamfukuza mpiga video kwa mkono mwingine. Koplo aliisukuma mpaka mahali penyewe na kuisimamisha. Mkono ulikuwa umeshuka. Mwanamke alikuwa anacheka kwa mdomo wote, pengo la jino la mbele likionekana.

"Sasa fanya kama mzee. Kitufe cha kunasa kioo. Programu ya kuchorea. Bandika."

Koplo alibonyeza, akafungua, akabandika. Mwanamke alitokea kwenye programu ya kuchorea, anacheka, na pengo lake, na ukingo wa vitufe pembeni.

"Si huyo hapo!" Koplo alipiga paja. "Nyeusi iko wapi? Nilisema. Mama yule ni mwongo."

Inspekta alikuwa ameanza kumwamini mlezi, na alichukia kuamini kabla ya wakati. "Ihifadhi," alisema. "Ipe jina lolote."

Koplo aliihifadhi. Kisha, katika kuvuta kiti akae vizuri, kiwiko chake kikagonga kitufe cha kuchezesha video kwenye kibodi.

Picha ikaanza kutembea.

Ndani ya programu ya kuchorea, ambamo vitu havitembei, mwanamke alifunga mdomo, akarudisha kiganja usoni, na godoro likapita nyuma yake. Koplo aliruka hadi kiti kikaanguka. "Afande! Inatembea! Picha inatembea!"

"Nimeona. Simamisha. Sasa funga ile programu ya video. Hii ya kuchorea iache wazi."

Koplo alifunga, na mwanamke akatoweka. Palepale alipokuwa, pakabaki giza lenye ukingo wa vitufe pembeni.

Chumba cha mbele mteja wa Waya alikuwa bado analilia bei.

"Amenikimbia tena," Inspekta alisema polepole. "Koplo, mashine hii haikunasa picha ya bibi hata mara moja. Imenasa tundu. Video ilikuwa nyuma, inachungulia kwenye tundu kama mtu dirishani, na mzee akidhani ni picha. Akizima, mtu kaondoka, dirisha limebaki. Hakuna aliyefuta kitu. Mlezi hakupaka rangi nyeusi hata faili moja."

"Kwa hiyo mama alisema kweli."

"Kwa hili, ndiyo. Sasa hii safi ilipatikanaje?"

Koplo aliifungua tena programu ya video akaanza kuchokoa menyu moja baada ya nyingine. Haikumchukua muda. Katika menyu ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeifungua, chini kabisa, palikuwa na amri ya kuhifadhi fremu, yaani picha moja ya video. Aliibonyeza. Bibi wa Fundi Saa akatoka picha kamili, safi, bila ukingo wala kitufe. Wakafunga kila kitu na kuifungua upya. Bado alikuwa anacheka.

"Ichape," alisema Inspekta.

Printa ikaguna na kuchapa. Picha ilitoka bila doa.

Koplo aliigeuza mbele na nyuma. "Mbona hii haina wino mwekundu?"

Wakatazamana. Inspekta alikivuta kipanya mwenyewe akaifungua picha ya mlezi, si ile ya karatasi bali faili yenyewe. Doa jekundu lilikuwepo, pembeni kabisa, usawa wa kifua cha mlezi. Koplo alilikuza. Lilikuwa limefifia na kuvutika, kama kitu kinachoondoka haraka, lakini halikuwa wino. Nyuma yake palifuata rangi ya ngozi.

"Huo ni mkono," Koplo alinong'ona.

"Mkono unaorudi, umeshatoa ulichokileta. Nenda nje ukapige simu wodini. Mtu yeyote wa nyumba hii asiachwe na mzee peke yake, hata kwa dakika moja. Halafu tazama kompyuta hii imejaa kiasi gani."

Koplo alirudi, akatazama, akatikisa kichwa. "Haijafika hata nusu, afande."

---

Waya aliingia akifuta mikono kwa kitambaa. "Samahani mama, nilikuwa na mteja kichwa ngumu. Mnaendelea muda mrefu? Nataka nipitie hospitali nikamkalie mjomba."

"Hatukuweki sana, mwanangu. Nisaidie kitu kimoja cha kuandika kwenye jalada. Hii picha ya dada, mjomba wako aliitoaje kwenye video? Hakimu ataniuliza, na mimi sijui."

"Rahisi tu." Waya aliinama mezani. Kwa vidole vyepesi, bila kutafuta, alifungua menyu ileile, akashuka chini kabisa. "Hapa. Hifadhi fremu. Inatoka safi."

"Na mzee aliijua njia hii?"

"Mjomba ni mjanja. Alijifunza mwenyewe."

"Kompyuta yake wewe huigusi."

"Siigusi."

"Lakini menyu zake unazijua gizani."

Waya alitabasamu. "Ni kazi yangu, mama. Programu zote ni zile zile."

"Kweli." Inspekta aliitoa picha iliyochapwa, akaiweka mezani mbele yake. "Huyu unamfahamu?"

Tabasamu lilibaki usoni lakini halikuwa na mwenyewe. "Shangazi... mke wa mjomba. Marehemu."

"Mwenzangu," alisema Inspekta. "Mjomba wako aliketi kwenye kiti hiki siku nyingi akitafuta picha hii moja. Alijaribu, ikawa nyeusi, akajaribu, ikawa nyeusi. Alikuuliza wewe, fundi, wa damu yake, na wewe ulijua dawa yake ni kubonyeza mara moja hapo chini. Ukamwambia mashine ya kutupa. Sasa unataka niamini kwamba siku moja aliijua hii njia, na cha kwanza alichokitoa kikawa mlezi wake?"

Waya aliendelea kufuta mikono iliyokwisha kukauka.

"Mtu aliyejua kutoa picha safi asingemwacha mkewe gizani. Picha hii hakuitoa yeye, Waya. Umeitoa wewe, ukaipa jina la mwenzangu ili ifanane na zake, na hukujua mwenzangu ni nani. Umeishi naye nyumba moja na hukujua."

"Mama, huo ni ubunifu tu. Hamna ushahidi."

"Nyosha mkono wa saa."

Waya hakuunyosha. Aliufunika na mkono wa pili. Koplo alikuwa ameshaikuza picha ya mlezi ikajaa kioo kizima, na ule wekundu ulikuwa unawatazama wote watatu.

"Mikanda myekundu iko mingi mjini," alisema Waya.

"Mingi. Ndiyo maana naitaka video yenyewe."

"Nimeshasema, imejifuta. Kompyuta ikijaa..."

"Haijafika hata nusu," alisema Koplo.

Inspekta alisogea karibu, akasema kwa upole kama anayembembeleza mtoto ameze dawa. "Fundi hatupi kitu. Wewe mwenyewe umetuambia mlangoni. Ukitupa leo, kesho mtu anakuja kukiulizia. Nimekuja kukiulizia."

Macho ya Waya, kabla hajayazuia, yaliruka kwenye mlango wa chumba cha mbele, yakapanda juu, yakarudi. Koplo alikuwa ameshaondoka. Walimsikia akivuta ngazi, akiangusha kitu, akitukana taratibu. Alirudi na diski iliyofungwa kwa kitambaa cha kufutia vioo.

Ilichukua muda kuifungua, na muda wote huo Waya alisimama akitazama bisibisi za mjomba wake. Kisha video ikaanza. Sebule hii hii, kutoka juu ya kabati. Fundi Saa yuko kitini, blanketi magotini. Mlezi anaingia na kikombe. Mkono wenye mkanda mwekundu unaingia kutoka pembeni, unampa kichupa cha kahawia.

"Daktari kabadilisha," ilisema sauti ya Waya, ikikwaruza. "Mpe yote."

Mkono ukaanza kurudi. Mlezi akainamisha kichupa. Hapo ndipo ile picha aliyoitupia jicho Mkuu wa Kituo ilipokatwa, hapo hapo, ikiacha kabla na baada. Lakini video haikuishia hapo. Mzee aligeuza uso kumfuata mpwa wake aliyekuwa anatoka, akasema kwa sauti ya mtu ambaye hajashuku kitu maishani mwake:

"Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Waya akaanza kuifungua saa mkononi, mkanda hautaki kutoka. Aliiweka mezani mwenyewe. Koplo alimfunga pingu.

---

Jioni ile jalada lilifika mezani kwa Mkuu wa Kituo, likiwa na jina jingine juu yake. Inspekta hakusubiri kusifiwa. Alishuka mahabusu akafunguliwa mlango.

"Vaa viatu," alimwambia mlezi. "Umemaliza."

Mlezi alimtazama kwa muda mrefu, kama anayetafuta mtego. Alikuwa ameshazoea kutoaminiwa, na kumbe kuzoea huko hakutoki kwa siku moja. "Na mzee?"

"Nimepiga simu sasa hivi. Amefungua macho kidogo, akafumba. Daktari anasema ni dalili njema. Hataki kuongea na mtu."

"Hataki kuongea na mtu asiyemjua," alisema mlezi, akikaza viatu haraka. "Anataka nani amgeuze? Nipe usafiri, afande, au nitatembea."

"Gari lipo nje. Mpelekee na hii."

Mlezi aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Alisimama pale kizingitini pa mahabusu, akilitazama lile pengo la jino, na machozi yakamtoka bila kuyaficha. Kisha akaunyanyua uso, na ule wasiwasi wa siku nyingi ukamrudia.

"Afande, kesho haitakuwa nyeusi?"

"Hapana," alisema Inspekta. "Kesho atakuwepo."